Hadithi Iliyotoka Kozini: Kutoka Meza ya Warsha hadi kwa Msomaji Asiyekujua

Ndugu wahitimu, walimu, na ninyi wasomaji mliokuja kuwasikiliza waandishi hawa wapya, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kazi za waandishi chipukizi wanaomaliza kozi ya uandishi wa kubuni. Nitashika jambo moja, kwa sababu ndilo linaloamua kama hadithi hizi zitasomwa nje ya chumba hiki au zitabaki humu. Hadithi iliyokamilika kwa ajili ya warsha bado haijakamilika kwa ajili ya msomaji. Warshani kila mtu analazimika kusoma hadi mwisho. Watu kumi wamepewa nakala wiki moja kabla, wameshika kalamu, na wanajua watatakiwa kusema kitu. Mwanzo ukiwachosha, wanavumilia. Jina la mhusika likiwapotea, wanarudi ukurasa wa pili kulitafuta. Msomaji wa jarida hadaiwi uvumilivu huo, na mhariri mwenye rundo la miswada mezani hadaiwi kabisa.

Utaratibu wa warsha wenyewe si mkongwe. Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na Chuo Kikuu cha East Anglia nchini Uingereza kikafungua shahada yake ya uzamili ya uandishi mwaka 1970. Mwandishi wa riwaya Kazuo Ishiguro alihitimu hapo East Anglia mwaka 1980, riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1982. Naitaja miaka hiyo miwili ya katikati kwa makusudi. Cheti na kitabu havitoki siku moja, hata kwa mtu ambaye baadaye, mwaka 2017, alipewa Tuzo ya Nobeli.

Tuanze na maoni, maana ndiyo mali ya kwanza anayotoka nayo mwanafunzi, na ndiyo inayomharibia hadithi akiitumia vibaya. Una nakala kumi zilizojaa wino. Kosa la kawaida ni kukaa usiku uleule na kurekebisha kila kilichoandikwa pembeni. Matokeo yake ni hadithi iliyotungwa na kamati: haina kosa wala haina sauti. Subiri angalau wiki mbili. Kisha chukua nakala moja safi na uhamishie humo alama zote, ukurasa kwa ukurasa, bila majina ya waliotoa maoni. Utaona kitu ambacho mazungumzo yalikuficha, yaani mahali ambapo alama zinarundikana. Wasomaji watatu kati ya kumi wakijikwaa aya moja, hapo pana shimo, hata kama kila mmoja ametaja sababu yake na sababu zinapingana. Mmoja kasema aya ni ndefu, mwingine kasema imekatika ghafla, wa tatu kasema hamwamini mhusika. Waamini kuhusu mahali. Kuhusu dawa, jitafutie mwenyewe.

Mara nyingi chanzo hakipo hapo walipojikwaa. Malalamiko yakiwa ukurasa wa tisa kwamba mwisho umekuja ghafla, angalia ukurasa wa pili. Pengine barua inayofunguliwa mwishoni haikuwahi kuonekana droo ilipofunguliwa mwanzoni. Sentensi moja ukurasa wa pili huponya ukurasa wa tisa wote, wakati kurefusha ukurasa wa tisa hakuponyi chochote.

Na hifadhi kila rasimu kwa tarehe yake. Rasimu ya tano inaweza kuwa mbaya kuliko ya pili, na aliyefuta ya pili hana pa kurudi.

Sasa nataka tutazame maandishi kwa karibu. Kifungu hiki nimekitunga kwa ajili ya leo, nisije nikamwanika yeyote, lakini kila mwalimu hapa atakitambua:

"Asubuhi ya siku ile jua lilichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo za matumaini. Rehema aliamka akiwa na huzuni nyingi moyoni kwa sababu mama yake alikuwa amefariki wiki mbili zilizopita. Aliingia chumbani kwake akamkuta dada yake Zuhura. Alimwambia kwamba atamwachia cherehani yake."

Jua na ndege tuwapite haraka; sentensi hiyo ingeweza kufungua hadithi yoyote, kwa hiyo haifungui hii. "Huzuni nyingi moyoni" ni jina la hisia lililowekwa mahali pa hisia. "Wiki mbili zilizopita" inahesabu kutoka leo ya mwandishi, ilhali tukio limekwishapita. Hapo ilipaswa kuwa "wiki mbili kabla". Kasoro kubwa iko sentensi ya mwisho.

"Alimwambia kwamba atamwachia cherehani yake." Hesabuni. Kuna a- ya anayeambia, -mw- ya anayeambiwa, a- ya atakayeacha, -mw- ya atakayeachiwa, na "yake" ya mwenye mali. Sehemu tano, na wanaostahili kukaa humo ni watatu: Rehema, Zuhura na marehemu. Mwandishi anaona kila kitu kwa sababu anaishi chumbani humo. Msomaji anasimama, anakisia, anaendelea akiwa na shaka, na shaka tatu za namna hiyo katika ukurasa mmoja zinatosha kumfanya afunge kitabu. Viambishi vyetu vya nafsi havitofautishi hata mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hana msaada huo. Warshani kosa hili hupita bila kuonekana, kwa sababu mwandishi yupo, na mtu akiuliza anajibiwa kabla ya kumaliza swali.

Lakini lugha inayotuwekea mtego huo imetupa pia njia ya kutokea, nayo ni ngeli. Tazameni kifungu kilekile kikiandikwa upya:

"Gauni lilikuwa bado chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, wa pili umebanwa kwa pini. Rehema alikaa kwenye kiti cha mama. Aliweka mguu kwenye pedali, akauondoa.

'Ichukue wewe,' Zuhura alisema kutoka mlangoni. 'Mimi hata kutunga uzi sijui.'

'Mteja alikuja?'

'Jana. Nimemwambia asubiri.'"

Neno cherehani halimo, na hakuna atakayelikosa. Zuhura anaposema "ichukue", kiambishi i- kinalikataa gauni, maana gauni lingedai "lichukue". "Akauondoa" ni mguu, haiwezi kuwa pedali. Kifo hakijatajwa, ila kiti kimebaki cha mama, na mkono wa pili umeachwa na pini zake. Huzuni haikutajwa pia. Iko kwenye mguu uliowekwa na kuondolewa. Na swali la Rehema kuhusu mteja linafungua hadithi yenyewe: gauni la mtu liko mezani, limelipiwa au halijalipiwa, nani atalimalizia? Kifungu cha kwanza hakikuwa na swali lolote. (Lugha yetu inatumia kitenzi kimoja kwa uzi na kwa hadithi, kutunga. Zuhura hafikirii hilo, na mwandishi asimnong'oneze msomaji.)

Zoezi ninalolipendekeza kwa kila mhitimu ni hili. Chapisha hadithi kwenye karatasi. Chukua kalamu mbili za rangi, rangi moja kwa kila mhusika mkuu. Zungushia kila a-, kila -m- na kila -ake kwa rangi ya mwenyewe. Mahali ambapo wewe uliyeitunga umesita kabla ya kuchagua rangi, msomaji amekwisha kupotea. Rekebisha kwa jina, kwa uhusiano kama "dada mtu" au "mkubwa", au kwa kukipa kitu cha ngeli nyingine kazi katika sentensi. Hadithi ya maneno 3,000 inamaliza zoezi hili jioni moja.

Nyakati za vitenzi nazo zinahitaji jicho. Kiambishi -ka- ni injini ya usimulizi wetu, kinasukuma tukio baada ya tukio. Kikitumika mara sita mfululizo, "akaamka akanawa akavaa akatoka akafunga akaondoka", msomaji anasoma orodha, na tendo muhimu linapita pamoja na yasiyo na maana. Vunja mnyororo pale penye uzito na anza sentensi mpya kwa -li-. Angalia pia -ka- iliyokaa mahali pa -ki-. "Aliingia akaimba" ni matendo mawili, la pili limefuata. "Aliingia akiimba" ni picha moja. Waandishi wapya wengi huandika la kwanza wakimaanisha la pili. Katika mbinu rejeshi, yaani pale unaporudi kusimulia yaliyotangulia, usibebe "alikuwa ame-" aya tatu nzima. Itumie mara moja au mbili mlangoni, kisha endelea na -li- kama kawaida, na umrudishe msomaji kwa kitu cha sasa anachokitambua: pedali ileile, gauni lilelile.

Kuhusu mazungumzo nitasema kidogo. Wahusika wa kozini huzungumza kama wasoma taarifa ya habari: "Je, ulifanikiwa kuonana na mteja yule aliyeleta kitambaa?" Dada wawili ndani ya chumba hawaongei hivyo, kwa sababu kila mmoja anajua anachokijua mwenzake. Kata kila neno ambalo mhusika analisema kwa faida ya msomaji tu. Na kitenzi "alisema" kinatosha. "Alinena", "alitamka" na "alifoka" zikifuatana, macho ya msomaji yanahamia kwa mwandishi.

Mwisho wa hadithi ndipo kozi zinapoacha alama yake. Mwanafunzi anajua kikao kinafungwa kwa swali "hadithi hii inahusu nini?", basi anajibu mapema, katika aya ya mwisho. Fanya jaribio: funika aya hiyo kwa mkono. Kama hadithi bado inasimama, na mara nyingi inasimama, iondoe. Funika na ile iliyotangulia. Acha pale ambapo kuondoa zaidi kunaacha tukio bila kutendeka.

Baada ya hayo, soma kwa sauti. Kusoma kimya hakutoshi, jicho la mwandishi huruka makosa liliyoyazoea. Panga maneno kama mia kwa dakika, kwa hiyo hadithi ya maneno 3,000 itakula nusu saa. Weka alama ndogo popote ulimi ulipokwama, usisimame kurekebisha. Wale mtakaosoma jukwaani mkipewa dakika tano, chagueni maneno 500, tukio moja lenye watu wawili, na msitumie dakika mbili kueleza yaliyotangulia. Tukio linalohitaji maelezo marefu si la kusomwa jukwaani, hata likiwa ndilo bora kitabuni.

Kutuma kazi kuna taratibu zake, na nyingi zimeandikwa wazi na jarida au tuzo husika: herufi za pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, idadi ya maneno. Inayosahaulika ni ile ya kutoandika jina pale ambapo kazi husomwa bila majina. Watu hulifuta jina ukurasa wa kwanza na kuliacha kwenye jina la faili, kwenye kichwa cha kila ukurasa na ndani ya taarifa za faili lenyewe. Kagueni sehemu zote nne. Barua ya kusindikiza iwe na sentensi tatu au nne, isieleze hadithi inahusu nini. Na wekeni jedwali: kazi gani, imetumwa wapi, lini, jibu gani. Bila jedwali utatuma hadithi moja sehemu mbili zisizoruhusu hivyo, ukubaliwe kote, na uanze safari yako kwa kumwomba radhi mhariri.

Nimalizie na mkusanyiko wa kozi, yaani kitabu cha kazi za wanafunzi wa kozi, kwa sababu wengi wenu mnaombwa kazi kwa ajili yake wiki hizi. Ni jambo jema, nami nawasihi wasomaji mununue mikusanyiko ya namna hii. Ndimo majina mapya yanapoonekana kwanza. Ila mwandishi ajue anachotoa. Majarida na tuzo nyingi hazipokei hadithi iliyokwisha kuchapishwa, na mkusanyiko wa kozi ni uchapishaji. Kwa wengi wao, hata kuiweka hadithi nzima kwenye ukurasa wako wa mtandao ni uchapishaji. Kama una hadithi mbili zilizoiva, fikiria ipi ya kuiweka kwenye mkusanyiko na ipi ya kuituma kwingine, na uamue kabla ya kukabidhi.

Halafu omba karatasi, hata ya nusu ukurasa. Iseme kwamba hakimiliki inabaki kwako, kwamba mkusanyiko unapewa ruhusa ya kuichapa hadithi katika toleo hilo na kwa miundo iliyotajwa, kitabu cha karatasi, cha kielektroniki au vyote viwili, kwamba kuna muda maalumu ambao huwezi kuichapa kwingine, labda miezi 12, na kwamba muda huo ukiisha uko huru. Iseme utapata nakala ngapi, na kama kuna malipo, kiasi gani na lini. Iseme pia kwamba uhariri wowote unaozidi kusahihisha tahajia na alama utaonyeshwa kwanza. Kisha, uhariri huo ukiletwa, usome mstari kwa mstari. Mhariri mwenye nia njema akigeuza "ichukue" kuwa "chukua", dada wawili wamebaki chumbani na hatujui tena wanagawana nini.