Ubani wa Chetezo na Ubani wa Kutafuna

Mabibi na mabwana, neno letu ubani hutaja vitu viwili: kile kinachofukizwa chetezoni na kile ambacho mwalimu humwamuru mtoto akiteme kabla ya kipindi kuanza. Neno limetokana na luban la Kiarabu, na Waarabu wenyewe huutafuna ubani wa kufukiza, kwa hiyo sioni ajabu maana hizo kukaa pamoja. Hata hivyo, miti yake haina udugu wa karibu.

Ubani wa chetezo hutoka katika Boswellia sacra, mti wa Dhofar nchini Oman, Yemen na Somalia, ambao gome lake likikwanguliwa hutoa utomvu unaoganda ukawa mfano wa machozi. Ukitia tone moja kinywani, kwanza husagika chini ya meno kama unga, kisha hushikamana na kulainika.

Ubani wa dukani asili yake ni Manilkara zapota, mti wa rasi ya Yucatán nchini Mexico, Guatemala na Belize. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita Achras zapota mwaka 1753, na mwaka 1953 ukahamishiwa jenasi ya Manilkara. Zapota ni neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, ilhali Manilkara limechukuliwa kutoka Kimalayalam cha kusini mwa India, hivyo mti wa Amerika umepewa ukoo wa Kihindi! Jenasi hiyo tunayo hata sisi, kwani Manilkara sansibarensis, yaani ya Zanzibar, humea katika misitu ya pwani yetu.

Mgema wa Manilkara zapota huupanda mti kwa kamba msimu wa mvua, akachanja gome kwa panga mikato ya kupindapinda, na maziwa yakafuata mikato hiyo hadi kwenye mfuko ulio shinani. Maziwa huchemshwa sufuriani huku yakikorogwa, yakawa mazito ya kufinyangwa matofali. Utomvu huo ndio chicle, aliouletewa Thomas Adams wa New York na Santa Anna, aliyewahi kuwa rais wa Mexico. Adams alijaribu kuutengenezea mpira, akashindwa, ndipo akauuza wa kutafunwa na kupata hataza mwaka 1871.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vingi viliuacha mti huo. Bigijii tunayotafuna leo mara nyingi ina poliisobutileni ya kutengenezwa kiwandani, jamaa wa karibu wa mpira unaotengenezewa tyubu za baiskeli.