Kwa Nini Wapoland Waliipita Ujerumani

Mabibi na mabwana, naomba tuanze na ramani. Poland inapakana na Ujerumani. Anayepanda treni Poznań, mji wa Poland, asubuhi, mchana yuko Berlin, ambako mwaka 2004 mishahara ilikuwa mikubwa mara kadhaa kuliko ya kwao. Sasa basi, Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, mbona malaki ya watu wake waliipita Ujerumani, wakavuka na bahari, wakaenda Uingereza?

Mshahara peke yake haujibu swali hili. Sheria inajibu. Nchi wanachama wa zamani ziliruhusiwa kuwazuia kwa muda wafanyakazi kutoka nchi zilizojiunga upya, na Ujerumani ikauzuia mlango hadi 2011. Uingereza, Ireland na Uswidi zilifungua siku ileile. Huko Uingereza mtu alianza kazi kwanza, kisha ndani ya mwezi akajaza fomu ya usajili na kulipa ada, ambayo mwanzoni ilikuwa pauni 50. Basi.

Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza ulikuwa umekadiria watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka kutoka nchi zote mpya. Ulichukulia kwamba Ujerumani nayo ingefungua. Haikufungua. Sensa ya 2001 ilihesabu waliozaliwa Poland wapatao 58,000 huko England na Wales. Ya 2011 ikawakuta 579,000.

Lakini msiseme sheria ndiyo kila kitu. Uswidi ilifungua vilevile, na walioenda walikuwa wachache. Kiswidi ni nani aliyekisoma shuleni? Kiingereza vijana wengi walikuwa nacho angalau cha kuombea kazi, na mawakala wa ajira wa Uingereza walikuwa wakitafuta mikono kila wiki.

Mikono, nasema, na hapa ndipo panaponiuma. Watu wenye shahada walifungasha mboga, kwa sababu kuruhusiwa kufanya kazi ni jambo moja, na mwajiri kuithamini elimu uliyoipata kwingine ni jambo jingine. Nchi iliwapokea, ujuzi wao ukabaki begani.

Ujerumani ilipofungua, Mei 2011, je, waliokuwa Uingereza walihama? Sensa ya 2021 ilikuta waliozaliwa Poland wamefika 743,000. Mlango wa Ujerumani ulipofunguka, mtoto alikuwa tayari darasa la tatu, shemeji kapanga mtaa wa pili, na aliyetoka kijijini alipiga simu kwanza kwa shemeji huyo.