Kabla frosti haijaingia bustanini: mazungumzo na wakulima wa nyumbani wa Des Moines

Haya mama zangu, wazee wangu, ndugu zangu, karibuni mkae, huku mbele viti bado vipo. Naona wengine mmekuja na watoto, vizuri sana, manake kazi ya kufunika mboga usiku inahitaji mikono mingi na watoto ndio wanaopenda kushika tochi.

Nianze moja kwa moja kwa sababu muda wenyewe unakimbia. Tuko katikati ya Septemba, na hapa Des Moines, Iowa, Marekani, frosti ya kwanza, yaani ule weupe wa barafu unaoganda juu ya majani usiku wa baridi, kwa kawaida inaangukia ndani ya wiki mbili za kwanza za Oktoba, lakini kuna miaka inakuja Septemba haijaisha, hasa kwa wale mnaolima nje ya mji au kule chini karibu na mito. Kwa hiyo ukihesabu vibaya una wiki mbili, ukihesabu vizuri una nne, na kila mwaka nawaona watu humu humu kwenye jamii yetu wanaamka asubuhi wanakuta matembele yamekuwa meusi, nyanya zimelegea kama zimechemshwa, wanakata tamaa wanang'oa kila kitu. Inaniuma, kwa sababu ule ni msimu mzima wa jasho, na nusu ya hivyo vilivyong'olewa vingeweza kuliwa mpaka karibu na Novemba.

Wengi wetu tumetoka Uvira, Bukavu, Kigoma, Bujumbura, huko mvua ndiyo inayotupangia kazi. Labda ndugu zetu wa Limuru na wa Njombe ndio wanajua baridi inayochoma majani. Kwa hiyo tuelewe kwanza hiki kitu kinakujaje, manake ukishaelewa hutasubiri mtu akuambie.

Mchana ardhi inakula joto la jua. Usiku inalirudisha juu. Kukiwa na mawingu lile joto linazuiliwa halitoroki lote, na kukiwa na upepo hewa inachanganyika, ya juu yenye joto kidogo inashuka. Sasa usiku ambao anga ni safi, nyota zote unaziona, na hakuna hata jani linalotikisika, huo ndio usiku wa kuogopa. Joto lote linaondoka, hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, na hewa ya baridi ni nzito, inatiririka kama maji kutafuta mabondeni. Ndiyo maana watu wawili wanakaa mtaa mmoja, wa juu mboga zake nzima, wa chini zimekwisha. Na kama una uzio wa mbao usio na nafasi upande wa chini wa bustani, ile baridi inagota pale inajaa. Nendeni nyumbani leo mwangalie bustani yenu inainamia wapi, mtajua ni tuta lipi litapigwa kwanza.

Na kingine ambacho watu hawakijui. Ile digrii unayoiona kwenye simu inapimwa juu, kama mita moja na nusu kutoka chini au zaidi. Kule kwenye jani ni baridi zaidi. Kwa hiyo simu inaweza kukuambia 36, na hapa digrii zote nazitaja kwa Farenhaiti, wewe ukasema aah, kuganda ni 32, nalala zangu, na asubuhi ukakuta weupe kwenye majani. Ofisi ya hali ya hewa ya serikali, ile iliyoko Johnston hapo juu, inatoa tahadhari ya frosti ikiona usiku utashuka kati ya 33 na 36, na inatoa onyo la kuganda ikiona 32 au chini, yaani sifuri ya Selsiasi kwenda chini. Ikifika 28 ndiyo ile inayomaliza hata vilivyobaki. Wekeni hizo taarifa kwenye simu, na kama mama nyumbani hasomi Kiingereza basi mtoto mmoja apewe hiyo kazi, kila jioni kuanzia mwisho wa mwezi huu aangalie usiku unashuka mpaka ngapi.

Sasa kitu ninachotaka mwende nacho leo. Hapa Iowa mara nyingi baada ya usiku huo wa kwanza jua linarudi, unapata wiki mbili, tatu, mchana wa joto kabisa. Kwa hiyo hupigani na baridi ya miezi, unapigana na usiku mmoja, labda mitatu. Ukiuvuka huo, bustani inaendelea kukulisha.

Lakini si kila kitu unakipigania. Tembea bustanini ujiulize kila mmea, huyu nimwokoe, nimfunike, au nimwache?

Vya kuwaacha ndio furaha yenyewe. Sukuma wiki, kabeji, spinachi, karoti, bitiruti, hao frosti haiwaui, tena sukuma wiki na karoti baada ya baridi zinakuwa tamu zaidi kwa sababu mmea wenyewe unageuza wanga kuwa sukari ili usigande. Kuna mama alikuwa ananiambia yeye anavuna sukuma yote Septemba anajaza friza kwa kuogopa baridi. Jamani, iacheni! Inavumilia mpaka kama 20 huko. Karoti ndio kabisa, mwagia nyasi kavu nyingi juu ya tuta, unakuja kuchimba Novemba ukitaka. Nafasi ya friza iwekee lengalenga.

Lengalenga, au mchicha, haina msamaha, ikiguswa imekwisha. Matembele hivyo hivyo, maharage, bamia, majani ya maboga. Hizi siku mbili kabla ya baridi unavuna zote. Majani unayachambua, unatumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, unatoa unatia kwenye maji ya barafu yapoe haraka, unakamua, unafunga kwenye mifuko ya friza kwa kipimo cha sufuria moja ya nyumba yako, unatoa hewa. Usiweke mabichi tu kwenye friza, yanapoteza rangi na ladha. Na kabla hujakata yote, chagua miche miwili mitatu ya lengalenga iliyonenepa uikate vichwa vyenye mbegu, kausha juu ya shuka ndani ya nyumba, pukuta, weka kwenye bahasha. Mbegu zetu dukani hapa hazipatikani kirahisi, na zile zilizozaa vizuri kwenye udongo wako mwenyewe ni mali.

Viazi vitamu niwape muda, manake hapa ndipo watu wanapoteza chakula kingi. Kwanza, usisubiri frosti. Udongo ukishapoa chini ya 50 hivi, kiazi kinaumia kikiwa humo humo chini, unakitoa kinaonekana kizima, mwezi mmoja mbele kinaoza. Na kama frosti imekuwahi, majani yamekuwa meusi, kata yale matawi siku hiyo hiyo uyaondoe na uchimbe haraka. Anza kuchimba mbali na shina, kama futi moja na zaidi, jembe la uma liingie taratibu, kisha malizia kwa mkono, kwa sababu ngozi ya kiazi kibichi ni laini, ukikwaruza tu umefungua mlango wa kuoza. Usikioshe. Pukuta udongo basi. Halafu, na hii ndiyo hatua ambayo nyumbani hatukuwa nayo kwa sababu kule tunachimba tunapika, inabidi ukilaze sehemu ya joto na unyevu ili michubuko ipone na utamu uingie. Ukipata sehemu ya digrii 80 mpaka 85 ni siku 7 mpaka 10. Nyumba nyingi hatuna sehemu kama hiyo, basi tumia chumba cha hita kule beisimenti, chini ya nyumba, viweke kwenye boksi, funika kwa taulo lenye unyevunyevu, na kwa kuwa pale joto ni kama 65 mpaka 75 viache wiki mbili mpaka tatu. Baada ya hapo weka pakavu penye giza, 55 mpaka 60. Friji hapana, friji inakiharibu kiazi kitamu, kinakuwa kigumu katikati hata ukikipika.

Maboga ni rahisi. Bonyeza ganda kwa kucha, likikataa kuingia limekomaa, kata ukiacha kikonyo cha inchi tatu au nne, usilibebe kwa kikonyo.

Nyanya sasa. Hii wiki, sio wiki ijayo, kata ncha za juu na uondoe maua yote. Ua la leo halitakuwa nyanya, linahitaji siku 40 na zaidi, na siku hizo hatuna, linakula tu nguvu ya zile zilizokwisha kutunga. Tahadhari ikitoka vuna zote zilizofikia saizi yake hata kama ni za kijani, zile zilizoanza kupauka rangi ndizo nzuri zaidi. Ziweke kwenye boksi la karatasi na ndizi mbivu moja au tofaa, mbali na jua, zitaiva zenyewe ndani ya nyumba kidogo kidogo. Iliyokwisha kupigwa na frosti usiichanganye humo, itaozesha wenzake.

Pilipili, bilinganya, ngogwe, au intore kwa ndugu zetu wa Burundi, hizi ndizo za kufunika, manake ziko na matunda na bado zinaweza kuendelea. Na hapa mnisikilize vizuri kwa sababu nimeona watu wanafunika halafu mboga inakufa chini ya shuka. Mtu anachukua mfuko wa plastiki anauvisha mche kichwani anaufunga kwenye shina. Hapo umefunga baridi ndani! Joto linatoka ardhini, si kwenye mmea. Kifuniko lazima kifike chini pande zote, ukikandamize kwa matofali au mawe, ili joto la udongo libaki humo. Chomeka vijiti kwanza virefu kuliko mmea, ndipo utandike shuka au blanketi kuukuu juu ya vijiti, isilalie majani. Plastiki ikigusa jani, pale ilipogusa patachomeka, kwa hiyo ukiitumia iwe juu ya vijiti kabisa. Kile kitambaa cheupe chepesi kinachouzwa madukani kwa ajili ya mboga ni kizuri, kinakupa digrii chache, kizito kinakupa zaidi, na unakitumia miaka.

Funika kabla jua halijazama, joto likiwa bado lipo ardhini. Ukitoka saa nne usiku baada ya kuona tahadhari, umechelewa, limeshaondoka. Na mchana huo mwagilia udongo, si majani, kwa sababu udongo wenye maji unashika joto zaidi kuliko mkavu. Madumu ya maziwa yaliyojazwa maji, yakakaa juani mchana kutwa, ukiyaweka chini ya shuka pamoja na miche yanasaidia pia. Asubuhi jua likipanda, funua.

(Mama mmoja anauliza kuhusu mche wa pilipili kali.) Ndiyo mama, huo unaweza kuuingiza ndani. Usingoje frosti, usiku ukianza kushuka chini ya 50 chimba na udongo wake, tia kwenye ndoo yenye matundu, kata matawi upunguze kama nusu, kagua majani kwa chini usije ukaingiza chawa wa mimea nyumbani, na uuweke dirisha la kusini. Hautazaa sana, lakini mwakani unaanza na mti mkubwa wenzako wakiwa na mbegu.

Baada ya ile baridi kubwa, nyanya zenye ugonjwa ng'oa utupe kwenye takataka, usiziweke kwenye kompositi, yaani lundo la mboji. Matuta usiyaache uchi, mwaga majani ya miti, yanaanguka bure mtaani. Na tuta moja liwe la vitunguu saumu, vinapandwa Oktoba, ncha juu, unafunika na nyasi kavu nene, unavuna Julai. Ile mipira ya maji ichomoe kwenye bomba la nje uimwage maji yote, ikiachwa imefungwa bomba linapasuka ukutani na hiyo ni gharama.

Kwenye meza pale kuna mbegu za lengalenga na ngogwe, kila nyumba ichukue kijiko kimoja. Kitambaa kile cheupe pia kipo kimefungwa juu ya vijiti, njooni mkishike muone kinavyokaa, halafu tuendelee na maswali.