Seneta Mmoja, Kanuni Mbili: Lisa Murkowski na Kiti cha Alaska

Ndugu wasikilizaji,

Tunapomzungumzia seneta wa Marekani anayetetea kiti chake, fikra za wengi hukimbilia uchaguzi mkuu wa Novemba, Mrepublican akipambana na Mdemokrat. Lakini katika majimbo mengi chama kitakachoshinda Novemba hujulikana mapema, na seneta aliye madarakani akianguka, mara nyingi huangushwa na wenzake katika kura za mchujo. Nimechagua Alaska kwa sababu huko Lisa Murkowski aliwahi kuangushwa hivyo, akarudi, kisha miaka 12 baadaye akatetea kiti hichohicho chini ya kanuni mpya. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba kanuni za kupiga kura ndizo huamua seneta atawajibika kwa nani: kwa kundi dogo lenye hamasa ndani ya chama, au kwa jimbo zima.

Murkowski aliingia Seneti Desemba 2002 kwa kuteuliwa na baba yake, Frank Murkowski, aliyekuwa ameacha kiti hicho ili awe gavana. Uteuzi huo uliwaudhi wananchi wengi, na mwaka 2004 alishinda kwa tofauti ndogo. Mwaka 2010, katika mchujo wa Agosti wa chama chake cha Republican, alikutana na Joe Miller, mwanasheria aliyeungwa mkono na Sarah Palin, gavana wa zamani wa Alaska, na Tea Party, vuguvugu la wahafidhina. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa sehemu tu ya wapiga kura wa jimbo, na siku hiyohiyo kulikuwa na kura ya maoni kuhusu wazazi kuarifiwa binti yao mdogo anapotaka kutoa mimba, jambo lililowavuta wahafidhina vituoni. Miller alishinda kwa kura kama 2,000.

Murkowski alikubali matokeo, lakini Septemba 17 alitangaza kwamba atagombea kwa jina la kuandikwa kwa mkono. Muda wa kujiandikisha kama mgombea asiye na chama ulikuwa umepita, na chama kidogo cha Libertarian kilikataa kumpa nafasi yake kwenye karatasi ya kura, hivyo njia iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Mpiga kura alitakiwa kujaza kiduara kilicho mbele ya mstari mtupu, kisha aandike jina la mgombea kwa mkono wake. Fikirini jina lenyewe: Murkowski. Kampeni yake iligawa bangili za mpira zenye jina hilo, ili mtu aingie nayo kituoni na kuinakili. Idara ya uchaguzi ya jimbo ilipoamua kuweka vituoni orodha ya wagombea wa aina hiyo, wapinzani walikwenda mahakamani kuizuia. Waliposhindwa, zaidi ya watu 100 walijiandikisha kuwa wagombea ili jina lake lizame katika orodha ndefu.

Kura zilihesabiwa mjini Juneau kuanzia Novemba 10, na hapo ndipo penye funzo kubwa zaidi, kwa maoni yangu. Karatasi zilipitiwa moja moja, mawakala wa pande zote wakiwa wameinama juu ya meza. Wakala wa Miller alipopinga tahajia au hata mwandiko tu, karatasi ilipelekwa kwa mkurugenzi wa uchaguzi wa jimbo, naye akaitazama na kuamua papo hapo. Zaidi ya 8,000 zilipingwa. Hoja ya Miller ilikuwa kwamba sheria inataka jina liandikwe kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi. Mahakama Kuu ya Alaska iliikataa mwezi Desemba, ikisema kinachotangulia ni nia ya mpiga kura inapoonekana wazi. Naamini iliamua kwa haki, maana kura si mtihani wa imla, na katika vijiji vya wenyeji wa asili, ambako Murkowski alipata kura nyingi, wapo wazee ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hata kama zile zilizopingwa zingetupwa zote, bado angeongoza. Matokeo ya mwisho yalimpa asilimia 39.5, Miller 35.5, na Mdemokrat Scott McAdams 23.5. Hakuna aliyekuwa ameingia Seneti kwa njia hiyo tangu Strom Thurmond wa South Carolina mwaka 1954.

Sasa twende mwaka 2022. Mwaka uliotangulia Murkowski alikuwa amepiga kura ya kumtia hatiani Donald Trump katika kesi iliyosikilizwa na Seneti, na chama chake jimboni kikamlaani rasmi. Trump alimuunga mkono Mrepublican mwingine, Kelly Tshibaka. Chini ya kanuni za zamani, sioni namna ambavyo angepita katika mchujo wa Warepublican. Lakini mwaka 2020 wananchi walikuwa wamepitisha utaratibu mwingine: mchujo mmoja kwa wagombea wote, wanne wa kwanza wanaingia fainali, na kule mpiga kura anawapanga kwa mpangilio wa upendeleo; asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Katika hesabu ya kwanza Murkowski alipata asilimia 43.4, Tshibaka 42.6. Mdemokrat Patricia Chesbro alipoondolewa, sehemu kubwa mno ya kura zake zilihamia kwa Murkowski, akamaliza na asilimia 53.7. Kwa seneta ambaye hajawahi kuvuka nusu katika hesabu ya kwanza, si 2004, si 2010, wala si 2016, hilo si jambo dogo.

Wanaoupinga utaratibu huo husema unamruhusu seneta kuishi kwa kura za chama pinzani. Ni kweli kwamba alizihitaji, lakini waliompa ni wakazi wa Alaska, naye anawawakilisha hao pia. Mwaka 2024 jaribio la kuufuta lilishindwa kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000 katika jimbo zima. Kiti cha Murkowski kitagombewa tena 2028, na utaratibu utakaokuwepo siku hiyo ndio utakaoamua ni mlango wa nani atakaoanza kuubisha.