Priseti ya rangi yaharibu picha? Tafuta kosa hatua kwa hatua katika Lightroom Classic

Haya, karibuni. Una priseti ya rangi, yaani mpangilio wa kuhariri picha uliohifadhiwa, umeinunua au umeitengeneza mwenyewe. Kwenye picha ya mfano yapendeza kweli. Ukiiweka kwenye picha za arusi ya Kisauni, Mombasa, bi arusi awa rangi ya chungwa na buibui za kina mama zageuka kijani. Fungua Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kuhariri picha kwenye kompyuta, chagua picha moja iliyoharibika, ingia Develop, sehemu ya kuhariri, twende pamoja.

Jambo la kushika kabla hatujagusa kitu: priseti ni orodha ya namba tu. Ikiwa ndani mna mwangaza wa +0.70, kila picha itawekwa +0.70, hata ile iliyopigwa saa saba mchana ufukweni Nyali ambayo tayari ina mwanga wa kumwaga. Kazi yetu ni kutafuta ni namba ipi inayoleta fujo.

Kwanza tengeneza nakala pepe (Virtual Copy), ili picha ya asili isiguswe: Ctrl na alama ya apostrofi, au Cmd kwenye Mac. Kisha Ctrl+Shift+R kurudisha kila kitu mwanzo. Usiruke hatua hii. Priseti hubadilisha vipengele vilivyomo ndani yake tu; vilivyobaki huachwa vilivyokuwa. Ukiweka priseti ya pili juu ya ya kwanza, mabaki ya ile ya kwanza yatakaa palepale, nawe utailaumu isiyo na hatia. Sasa weka priseti yako juu ya nakala safi.

Tazama paneli za kulia. Kwenye Tone Curve, Color Mixer, Color Grading na Calibration kuna alama ya jicho. Matoleo ya nyuma yana swichi ndogo kushoto. Shikilia jicho la paneli moja, angalia picha, achia, nenda inayofuata. Paneli ambayo ukiizima ngozi yarudi kuwa ngozi, hiyo ndiyo yenye kosa.

Ukizizima zote na picha bado ni ya chungwa, panda juu kwenye mizani ya nyeupe, yaani Temp na Tint. Hapa ndipo priseti nyingi huanguka. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: jua la mchana ni kama 5500. Kivuli cha vichochoro vya Mji wa Kale hupata mwanga wa anga la buluu, hufika 7000 na zaidi. Ukumbi wenye balbu za manjano uko karibu na 3000. Priseti iliyobeba 6500, ukiiweka kwenye picha ya ukumbini, lazima kila mtu awe kama amepakwa manjano. Tena RAW, faili ghafi ya kamera, husomwa kwa kelvini, kuanzia 2000 hadi 50000, ilhali JPEG ina kipimo cha -100 hadi +100, kwa hivyo namba ya huku haina maana kule. Dawa ni moja: priseti isibebe mizani ya nyeupe kabisa. Rekebisha mizani kwa mkono kwanza, rangi ndipo zifuate.

Sasa buibui na kanzu, maana hapa pwani hakuna arusi bila hivyo viwili, na priseti nyingi za mtandaoni hazikutengenezwa kwa nguo nyeusi tii na nyeupe pe katika fremu moja. Fungua Tone Curve, angalia nukta ya chini kushoto. Ikiwa imeinuliwa, nyeusi imekuwa kijivu, na kijivu hupokea rangi yoyote unayoimwagia. Ishushe hadi pembeni kabisa. Kisha Color Grading, gurudumu la Shadows: aghalabu utakuta Hue, yaani rangi yenyewe, iko karibu na 200, buluu ya kijani, na Saturation, yaani ukolevu wake, ni 25 au 30. Punguza Saturation hadi 8 au 10. Upande wa Highlights, chungwa la 40 lenye ukolevu mkubwa ndilo linaloigeuza kanzu kuwa rangi ya maziwa ya moto. Saturation yake nayo iteremshe hadi 5 au 6. Usikimbilie slaida ya Balance, iliyo chini ya magurudumu hayo. Ukiivuta kulia waongeza nguvu ya rangi ya Highlights: buibui itapona, kanzu itaungua.

Ikiwa priseti ni ya zamani, kabla ya Oktoba 2020, ilitengenezwa kwa Split Toning, paneli iliyotangulia Color Grading. Lightroom huisoma, na huiweka slaida ya Blending ya Color Grading kwenye 100 ili ifanane na ilivyokuwa. Ukiirudisha 50, ambayo ndiyo ya kawaida sasa, mwonekano utabadilika. Iache.

Chungwa kwenye Color Mixer lina mtego wake. Ngozi zetu ziko hapo, na kuta za Fort Jesus pia ziko hapo. Ukishusha Saturation ya Orange hadi -30 ili kutuliza ngozi, ukuta wa matumbawe wafa, wawa kama saruji. Tumia maski ya watu, inayochagua sehemu ya picha tu: Masking, chagua mtu, weka tiki kwenye ngozi ya uso na ya mwili, shusha ukolevu humo ndani pekee.

Calibration ni fupi. Ukikuta Hue ya Blue Primary iko -60 au -100, jua hiyo hugusa kila pikseli, na leso nyekundu haitabaki nyekundu. Irudishe nusu.

Je, mistari kama ngazi kwenye anga juu ya bahari? Hiyo ni JPEG, yenye viwango 256 tu kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16384. Hakuna slaida itakayorudisha kisichokuwepo. Punguza nguvu ya priseti.

Priseti isiyoonekana, au iliyofifia, mara nyingi imefungwa kwenye profaili (mpangilio wa msingi wa rangi) ya kamera usiyokuwa nayo. Nenda Preferences, Presets, weka tiki kwenye Show Partially Compatible Develop Presets. Ikitokea, iweke, badilisha profaili iwe Adobe Color kwa RAW. Na kama zimepotea zote baada ya kufungua katalogi nyingine (hifadhidata ya picha zako), palepale angalia kama Store presets with this catalog ina tiki.

Mwisho, hifadhi upya: Ctrl+Shift+N. Ondoa tiki kwenye White Balance, Exposure, Crop, Transform, Lens Corrections na Noise Reduction. Acha Tone Curve, Color Mixer, Color Grading na Calibration. Weka tiki kwenye Support Amount Slider, la sivyo hutaweza kupunguza nguvu baadaye. Ijaribu kwenye picha tatu: ufukweni mchana, kichochoroni, ukumbini usiku. Ukimtumia mwenzio kwa WhatsApp, ifunge kwenye zip na uitume kama hati. Kwenye simu haitafika yenyewe, kwa sababu priseti za Classic haziendi kwenye wingu. Ingiza faili hiyohiyo ya priseti, yenye jina linaloishia na .xmp, ndani ya Lightroom ya simu.