Mkopo Uliofungwa Haujafutwa

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mtwara na Lindi. Leo tuna barua ya mkulima wa korosho wa Nachingwea, ambaye alikopa, makato yakapita kwenye malipo ya korosho zake, na deni likaisha. Alipoomba mkopo mwingine akaonyeshwa taarifa yake ya mikopo, na mkopo ule wa zamani bado umo, umeandikwa kuwa umefungwa. Anauliza namna ya kuufuta. Dada, tuanzie wapi?

DADA: Ningemwomba asiufute, kaka. Mkopo uliofungwa ukiwa na salio sifuri, bila siku za kuchelewa, ni shahidi wake mzuri kuliko maneno yoyote atakayomwambia afisa mikopo, kwa sababu unaonyesha kwamba alichukua fedha za watu akazirudisha kwa wakati. Akifanikiwa kuuondoa, atabaki kama mtu ambaye hajawahi kukopa, na anayempima hatakuwa na cha kupimia.

KAKA: Lakini kuna mikopo iliyofungwa kwa namna isiyopendeza.

DADA: Ipo, na hapo ndipo pa kusoma polepole. Mkopeshaji anaweza kulifuta deni vitabuni mwake, maana yake amelihesabu kuwa hasara, na mkopaji akadhani amesamehewa, kumbe bado anadaiwa. Huyo alilipe au akubaliane na mkopeshaji kwa maandishi, kisha ahakikishe taarifa inaonyesha kwamba limelipwa. Siku alizochelewa hazitaondoka kwa sababu amelipa leo, wala haifai kuomba ukweli ufutwe.

KAKA: Na kosa linapokuwa la mkopeshaji mwenyewe?

DADA: Hilo lilinipata. Nilikopa kwa ajili ya duka langu la vitenge hapa Mtwara, nikalipa rejesho la mwisho, nikaondoka na stakabadhi mkononi nikijua nimemaliza. Baadaye nilipokwenda kuomba mkopo kwingine, afisa aligeuza karatasi upande wangu akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: mkopo upo wazi, umechelewa, salio shilingi 4,350. Ilikuwa riba ya siku chache, kati ya siku iliyoandikwa kwenye ratiba na siku niliyolipa. Hakuna aliyeniambia. Nilinyimwa mkopo kwa fedha ambayo ningeitoa mfukoni papo hapo.

KAKA: Pole sana. Ulitokaje?

DADA: Nililipa kiasi kile siku hiyo hiyo, nikadai barua ya kumaliza deni yenye namba ya mkopo, tarehe, muhuri na maneno kwamba salio ni sifuri. Kisha nikaandika kwa mkopeshaji kuomba arekebishe taarifa aliyoipeleka, nakala nikaipeleka kwa taasisi ya taarifa za wakopaji, ile inayotunza rekodi za mikopo zinazotoka kwa wakopeshaji, nikiambatanisha stakabadhi zote. Watu wengi huishia kugombana na taasisi, lakini taasisi hupokea tu kinachotoka kwa mkopeshaji, kwa hiyo asiporekebisha yeye, kosa litarudi tena.

KAKA: Kwa faida ya wasikilizaji, taasisi hizi hapa nchini zinafanya kazi chini ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, na miongoni mwa zilizopewa leseni ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe.

DADA: Basi mkulima wetu aombe taarifa yake, asome kila mstari wa mkopo uliofungwa: tarehe ya kufungwa, salio, siku za kuchelewa, na jina la mkopeshaji.

KAKA: Ameandika pia kwamba ameona video mtandaoni inayosema mkopo uliofungwa hukaa miaka 10.

DADA: Hiyo ni hesabu ya Marekani. Kule akaunti iliyofungwa ikiwa safi huonekana hadi miaka 10 kwa desturi ya taasisi zao, na kuchelewa kulipa kwa kawaida huonekana miaka 7 chini ya sheria yao ya mwaka 1970, na anayepinga kosa kwa kawaida huchunguziwa ndani ya siku 30. Ni mambo ya kweli, lakini asiende nayo kaunta ya benki Nachingwea.

KAKA: Na wale ambao makato yao hupitia chama cha msingi cha ushirika?

DADA: Hao ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu fedha hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mkopeshaji, na mkulima huona tu kwamba amekatwa. Karatasi ya makato inaonyesha kwamba fedha imetoka kwake, haionyeshi kwamba imepokelewa. Malipo ya msimu yakishaingia, aende mwenyewe kwa mkopeshaji, aulize salio hadi shilingi ya mwisho kwa tarehe ya siku hiyo, na asitoke bila barua yenye muhuri.