Krapf Amelala Huku, Mkewe Yuko Nyali

Mwanisikia? Huu upepo leo hautaki tuongee. Ngoja niikinge simu na kofia. Haya. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Mama, najua waniangalia, na ndiyo, nimevaa sweta mbili.

Leo sikuleta habari za mshahara wala viza. Waliokuja kwa hayo, video ya wiki jana ipo, kaangalieni, maswali yenu nimeyajibu mpaka koo likakauka. Leo niko mahali paitwapo Korntal. Mji mdogo tu, ukipanda treni ya S6 kutoka Stuttgart, huku Ujerumani, hujamaliza kahawa umeshafika. Hakuna watalii. Mtu wa Mombasa akishuka hapa atauliza: mji wenyewe uko wapi?

Mwajua nafanya kazi nyumba ya wazee. Pale tuna bibi mmoja, miaka tisini na ushee, macho yake karibu yamekwisha. Siku za mwanzo nilikuwa namkata kucha, akaniuliza natoka wapi. Huku ukisema Kenya, swali la pili ni simba. Nikamwambia Mombasa, nikasubiri simba. Bibi akanyamaza, kisha akasema, "Rabai."

Nusura nimkate kidole.

Aliitamka na ile r yao ya kooni, lakini ilikuwa Rabai yenyewe, Rabai ya hawe wangu, yaani nyanya yangu, ile ya kushuka Mazeras ukatafuta gari lingine la kupanda nalo mlima. Nikamuuliza, bibi, ulifika? Hajawahi kufika popote kwenye bahari ya Hindi. Alilipata jina utotoni, kwenye mafunzo ya Jumapili hapa Korntal. Walifundishwa Rabai kama sisi tulivyofundishwa Bethlehemu.

Basi siku yangu ya mapumziko nikaja kuona kanisa la namna gani hili linalofundisha watoto Rabai.

Jengo lao ndilo lile nyuma yangu. Wao hawaliiti kanisa, wanaliita Großer Saal, ukumbi mkubwa, na lilifunguliwa mwaka 1819. Na kisa cha kuwako kwake kinaanzia mbali sana, Indonesia. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka, majivu yakapanda angani, na mwaka uliofuata huku Ulaya hakukuwa na kiangazi. Mvua na baridi mwezi wa saba. Mazao yakaoza, watu wa hapa Württemberg wakala njaa kweli kweli. Wengi wakaona hizo ni siku za mwisho.

Na kulikuwa na jambo lingine. Wakuu wa kanisa la Kilutheri la hapa walikuwa wamebadilisha kitabu cha nyimbo na utaratibu wa ibada, wakaufanya wa kisomi. Mwajua kwetu kwaya ikileta wimbo mpya wazee wanavyonuna? Hawa hawakununa tu, walihama nchi. Maelfu walifunga mizigo wakaelekea Urusi, mpaka kule Kaukazi. Mfalme akaona wakulima wake wazuri, mafundi wake, wote wanakwenda. Ndipo Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa Leonberg hapo jirani, akamwandikia: wape watu hawa mahali pao, waabudu wanavyotaka, hawataondoka. Mfalme akakubali. Wakanunua shamba la Korntal, familia zikaja, ukumbi ukasimama ndani ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo ni Walutheri, lakini wa namna yao. Askofu hawana juu yao, mambo yao wanajiamulia. Na walikuwa wakingoja. Kulikuwa na mwanazuoni wa hapa, Bengel, aliyepiga hesabu za Ufunuo akapata kwamba Yesu angerudi 1836. Mwaka ukafika, ukapita. Mimi kinachonichekesha, kwa heshima, ni kwamba watu waliokuwa wakingoja dunia iishe walijenga shule nzuri kuliko wale waliodhani ipo ipo.

Wale wenye haraka mtaniuliza Mombasa inaingia wapi. Inaingia sasa.

Watu wa imani ya namna hii, katika vijiji vyote vya huku, walikuwa wakipeleka vijana wao Basel, Uswisi, kwenye chuo cha wamisionari. Waingereza wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, walikuwa na pesa na meli, lakini Waingereza wa kwenda walikuwa haba. Wakaajiri Wajerumani. Ndiyo sababu Johann Ludwig Krapf, Mlutheri, mtoto wa mkulima wa Derendingen, alifika Mombasa 1844 kwa tikiti ya Waanglikana. Na ndiyo sababu mimi na nyinyi wa Kisauni tumebatizwa Anglikana, si Walutheri. Mwenye kulipa ndiye aliyebaki na kanisa. Sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa.

Alikuja na mkewe, Rosina, mja mzito. Mwezi wa saba mwaka huohuo homa ikawashika wote. Rosina akajifungua mtoto wa kike, akafa siku chache baadaye, na mtoto naye akamfuata. Wakazikwa bara, upande wa Nyali, mkabala wa kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Wangapi wetu tumepita pale? Mimi nimesoma Kengeleni miaka minane. Mnara wa Krapf tulikuwa tunauendea kupiga picha na kula mabuyu. Kaburi la Rosina lilikuwa hapo karibu na sikumbuki hata siku moja kusimama nikasoma jina. Nimekuja kulijua jina lake huku, ugenini, na nimeona haya.

Krapf hakuondoka. Kabla hata ya msiba alikuwa ameshaanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Kadhi! Shehe na mchungaji wamekaa meza moja, wanagombania neno la Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Hiyo ndiyo Mombasa ninayoijua mimi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa hapa Korntal, na ilijaa Kimvita chetu. Kwa nini basi vitabu vya shule havikuandikwa Kimvita? Ulizeni mkutano wa 1928 wa kusanifisha Kiswahili, uliofanyika Mombasa hiyohiyo, ukachagua Kiunguja, cha Zanzibar. Nikianza hilo hatutalala.

Mwaka 1846 akaja wa pili, Johannes Rebmann. Kwao ni Gerlingen, kutoka hapa ukiwa na baiskeli ni karibu. Yeye na Krapf wakapanda Rabai wakaanza kituo. Huyu Rebmann ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Akamuuliza kiongozi wake wa njia ule weupe ni nini, akajibiwa neno moja: baridi. Mabwana wa London walioketi na ramani zao wakasema mtu huyu anaota, theluji itoke wapi kwenye ikweta. Mimi nilipoiona theluji mara ya kwanza, kwenye kituo cha basi, nami nilisema neno hilohilo moja. Na tusi kidogo.

Krapf mwili ulimshinda, akarudi akafanya makao hapa. Rebmann alikaa Rabai miaka 29. Hakurudi kwao hata mara moja. Waumini walikuwa wachache mno, wa kuhesabu kwa vidole, na wakubwa wake Uingereza walishamkatia tamaa. Mwisho akapofuka. Mwaka 1875, wakati CMS wanaanzisha Frere Town kwa ajili ya waliokombolewa utumwani, ule mji wa kengele yetu, Rebmann alikuwa mzee asiyeona, anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo. Mtu wa Rabai. Alipanda naye meli, akasafiri naye mpaka huku Ulaya.

Nilipolisoma hilo nilikaa kitako. Fikirieni kazi yenyewe. Kumvusha mtu kipofu ngazi za meli. Kumkatia chakula, kumwambia kikombe kiko kulia, kumpeleka msalani usiku bahari ikichafuka. Hiyo ndiyo kazi yangu mimi, siku tano kwa wiki, na nimeandikiwa mkataba na nina bima. Tunajiita diaspora tukidhani tumeanza sisi. Nyondo alitangulia, miaka 150 iliyopita, na alikuja kwa kazi hiihii. Rebmann alifika, akafa hapa Korntal mwezi wa kumi 1876. Wenyeji wa hapa wanalijua jina la Rebmann. La Nyondo nimeuliza watu watatu leo, wakatabasamu tu.

Nisiwapambie. Jumuiya hii ina doa kubwa. Walikuwa na nyumba za kulea watoto, na mwaka 2018 ilitoka ripoti ya uchunguzi ikieleza watoto walivyopigwa na kunajisiwa mle ndani kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1950. Waliofanyiwa ndio waliosimama wakapiga kelele mpaka wakasikizwa. Nilimuuliza bibi yangu. Alinyamaza muda mrefu, akaniomba maji. Sikuongeza swali.

Sasa niko makaburini. Siwaonyeshi karibu, kuna mama pale anapalilia kaburi la mtu wake. Krapf yuko hapa, Rebmann yuko hapa. Kumepandwa maua madogo, kote kimya, unasikia mpaka treni. Nimesimama nikamwambia Krapf kwa Kimvita, mzee, salamu za Nyali. Mama wa kupalilia akaniangalia.

Bibi anajua nimekuja. Asubuhi alinipa ombi. Anataka "kuona" kaburi la Rosina, kwa sababu tangu utotoni alimhurumia yule mama aliyeachwa peke yake ng'ambo. Lakini picha haimsaidii, haoni. Anataka kusikia pakoje.

Kwa hiyo hii sehemu ya mwisho ni ya ndugu yangu Kisauni, nyinyi wengine mnaweza kwenda kupika. Kaka, Jumamosi nenda Nyali, usiende saa sita za jua. Nenda jioni. Washa simu, uiweke pale juu ya ukuta, halafu ukae kimya dakika kumi. Usinisimulie. Usisalimie watu. Nataka upepo, na maji, na hao kunguru wetu wabaya, na adhana ikivuka kutoka kisiwani. Ukimaliza nitumie usiku huohuo, maana Jumapili niko zamu ya asubuhi na yeye huamka saa kumi na moja.